Picha Isiyo na Uso

Wasichana wa zamu ya asubuhi waliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo katika kitabu cha mafunzo. Nilistaafu mwezi uliopita, na kuku wangu watano hawanihitaji zaidi ya nusu saa kwa siku, basi nimekaa mezani hapa Kisumu na daftari la mjukuu wangu. Habari za vyeo na mishahara sitawaeleza. Vyeo nilipanda, na miguu ikavimba vilevile. Uwanja wenyewe nitauita Winyo, yaani ndege kwa Dholuo. Msiutafute kwenye ramani ya ziwa. Jina nimelitunga, kwa sababu wengine waliohusika bado wako kazini na wana watoto shuleni.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya visigino virefu, kwa kuwa niliamini uwanja wa ndege ni mahali pa kupendeza. Kufikia saa nne nilikuwa nimevivua na kuvisukuma chini ya meza. Aliyeviona ni Mama Wangechi, mkaguzi wa wanawake, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri na kumlelea nyuma ya kibanda chao cha mitumba pale soko la Kibuye. Hakunicheka. Kesho yake aliniletea raba kutoka Kibuye, zimefuliwa na kukaushwa, na tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake.

Wakati huo tulikuwa na lango linalolia likikuta chuma, kifimbo cha umeme cha kupitisha mwilini, na mikono yetu. Mama Wangechi alisema chombo chenyewe hasa ni mikono. Alinifundisha kupapasa kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja hushika na mgongo wa mkono huuliza tu. Pili, nisiguse mahali kabla ya kusema: "Mama, sasa napita mgongoni. Sasa kiunoni." Tatu, nitakachokikuta mwilini mwa mtu, kama si silaha, kifie hapohapo nyuma ya pazia.

Sharti hilo la tatu nilidhani ni adabu tu za kizee. Halafu wiki ya pili akaja mama mmoja kutoka Kombewa, amevaa gauni la kanisani, na kifimbo kikalia kifuani. Nyuma ya pazia tulikuta pini kubwa ya nepi imeshikilia soksi iliyojazwa pamba. Titi la upande ule lilikuwa limekatwa. Mama yule alitazama ukutani kama mtoto anayesubiri viboko. Mama Wangechi alimwambia pini ile imelegea, akaifunga upya vizuri, akamtakia safari njema. Mimi nilibaki nimeshika kifimbo, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi hii inaweza kumvua mtu nguo bila kumvua hata kifungo kimoja.

Mama Wangechi alistaafu kabla mashine haijaja. Nasema ni bahati yake.

Mashine ililetwa kwa lori, ikafungwa mahali palipokuwa na viti vya wazee. Ilikuwa na umbo la kabati lisilo na milango, na sisi tukaiita Kabati. Msafiri anaingia, anasimama juu ya alama za nyayo, anainua mikono kama mtu anayejisalimisha, kisha anatoka. Picha haionekani pale. Inakwenda katika chumba kidogo nyuma ya ukuta, ambako mkaguzi amekaa peke yake na skrini na redio ya mkononi. Akiona kitu, anamwambia wa langoni kwa redio ni sehemu gani ya mwili.

Kijana wa kampuni iliyotuuzia alikuja na fulana iliyopigwa pasi akatuambia picha ni kama mchoro wa chaki, tusiwe na wasiwasi. Alitaka mtu wa mfano, na Opiyo, mkaguzi wa wanaume, akajitolea kwa madaha. Sisi wengine tukasongamana chumbani kutazama. Jamani! Mchoro wa chaki gani? Tulimwona Opiyo. Tuliona kitovu chake, tuliona mafuta ya kiunoni, na tuliona yale ambayo mke wake peke yake ndiye mwenye haki nayo. Hakuna aliyecheka. Tulitoka mmoja mmoja, tukitazama sakafu, na Opiyo alipotuuliza anaonekanaje tukamwambia yuko sawa. Kwa wiki nzima alikula chakula chake nje, maana kuna mtu alimwambia ukweli.

Aliyeuliza swali la maana siku ile ni Lilian, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minne na hakuwa amemwambia mtu. Alitaka kujua kuhusu mionzi. Kijana alijibu kwamba msafiri hupata mionzi zaidi akiwa juu angani ndani ya ndege kuliko ndani ya Kabati. Huenda ni kweli, mimi sikusoma fizikia. Lakini Lilian hakuwa msafiri.

"Yeye anapita mara moja anaenda," alisema. "Mimi nasimama hapa masaa nane, kila siku. Nani alipima mwenye anasimama?"

Kijana alifungua faili lake, akalifunga. Baadaye tuliletewa beji ndogo za plastiki za kuvaa kifuani, tukaambiwa kila baada ya miezi mitatu zitapelekwa Nairobi kusomwa, ili ijulikane kila mmoja amepata mionzi kiasi gani. Tulizivaa kwa uaminifu, tukazirudisha, tukapewa nyingine. Mwaka uliofuata nilitumwa ofisini kutafuta stepla. Nilivuta droo, nikakuta beji zote tangu ya kwanza, zimefungwa kwa mpira, kila moja na jina lake. Hakuna hata moja iliyokuwa imetoka Winyo. Nilitafuta ya Lilian nikaiona, ya miezi ile ile ya mimba yake. Kwa wakati huo alikuwa ameomba kuhamishiwa kwenye mizigo na amejifungua. Mtoto alizaliwa mzima na sasa anamsumbua mwalimu wa chekechea, lakini kuzaliwa mzima hakukuwa jibu la swali la mama yake. Nilimpelekea Lilian beji zake mkononi. Aliketi nazo mapajani.

Sasa nije kwa kosa langu mwenyewe.

Kwa kuwa nazungumza Dholuo, Kiswahili na Kiingereza cha kutosha, msimamizi wetu, Bwana Oluoch, alinipa kazi ya kuwatuliza wasafiri. Nilikariri maneno matatu: picha haina uso, haihifadhiwi, na mwanamke hutazamwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Niliyasema mara nyingi mpaka nikayaamini. Kulikuwa na neno la nne, kwamba msafiri ana haki ya kukataa Kabati na kukaguliwa kwa mkono. Karatasi yenye haki hiyo ilibandikwa nyuma ya mlango, ambako ungeiona tu mlango ukifungwa, na mlango haukufungwa kamwe. Bwana Oluoch alituambia tusiitaje. Foleni ingekuwa ndefu, alisema, na tena mficha uchi hazai. Nilitaka kumwambia methali hiyo ni ya mtu mwenye shida anayeomba msaada, si ya mtu anayekwenda Nairobi. Sikumwambia. Nilikaa kimya, na kimya changu kiliniponza.

Binti yangu Akoth ameolewa na mwalimu huko Bondo. Mkwe wangu huyo nitamwita Mwalimu tu. Msomaji asiye wa kwetu aelewe kwamba kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwe wa kiume wana mpaka kati yao. Hatushikani mikono. Akija kwangu anakaa karibu na mlango na kula katika chumba kingine, nami sisogei alipo. Wenye kuishi mjini wamelegeza mengi, lakini sisi wawili hatukulegeza, na nasema bila haya kwamba tulipendana vizuri sana kwa umbali ule. Hatukutazamana usoni. Kwa miaka tisa nilimjua kwa viatu vyake, kwa kusimama kwake, na zaidi kwa kiwiko cha mkono wa kulia ambacho hakinyooki, kwani alivunjika utotoni na mfupa ukaungwa vibaya. Mngeniuliza rangi ya macho yake, nisingejua.

Siku moja Akoth alinipigia simu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, ile mashine yetu inaona nini. Kuna mwenzake wa kazini, alisema, amefanyiwa upasuaji na anaogopa. Je, itamdhuru? Na je, watu wataona?

Nilimpa maneno yangu matatu. "Mwambie huyo mtu wako asiogope," nilisema. "Mimi niko hapo. Hakuna mtu atamjua."

Neno la nne nililijua. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza, hata kwa mtoto wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimezoea kulimeza.

Siku chache baadaye, asubuhi, Opiyo aliugua tumbo akakimbilia msalani, na foleni ya ndege ya saa tatu ilikuwa imefika mlangoni. Bwana Oluoch aliniambia niingie chumba cha picha. Nilimkumbusha kwamba waliobaki ni wanaume. Akaniuliza picha isiyo na uso ina jinsia gani. Nikaingia.

Walipita wawili, nikatazama haraka kama mtu anayevuka mbele ya wanaooga mtoni. Wa tatu aliinua mikono. Niliona kwanza tumbo, kwa sababu hapo ndipo jicho limefundishwa kwenda, na chini upande wa kushoto palikuwa na kitu bapa kama kimfuko kimebandikwa kwenye ngozi. Sheria inasema useme mara moja. Nikabonyeza redio nikasema, "Tumbo, kushoto, chini." Ndipo jicho langu likapanda juu. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka. Wa kulia ulikuwa umepinda kwenye kiwiko.

Nilifumba macho, kama kwamba kufumba kungeondoa nilichokwisha kukiona. Nimeshuhudia mengi, nimekuta bastola ndani ya boksi la chakula cha mtoto, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Mkwe wangu alikuwa amesimama uchi mbele yangu na mikono juu, na ni mimi niliyemwambia asiogope. Watu walisema picha haina uso. Lakini mimi uso wake sikuwa nao tangu mwanzo! Nilichokuwa nacho ni kile kile kiwiko, na kilikuwa pale kwenye skrini, kikubwa kuliko nilivyowahi kukitazama.

Nilisikia kelele langoni kisha kimya. Nilipotoka, Opiyo alikuwa amerudi, amesimama karibu na pazia akikuna kichwa. Alisema msafiri mmoja aliambiwa aingie nyuma ya pazia, akasimama tu kama aliyepigwa na radi, kisha akachukua begi lake akarudi nje. Hakupanda ndege. Nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Nilidhani ni aibu ya kuinua shati mbele ya Opiyo.

Jioni Akoth alipiga simu akilia. Ndipo aliponieleza kwamba hakukuwa na mwenzake wa kazini. Mumewe alikuwa amekatwa sehemu ya utumbo, choo chake kikawa kinatoka kwenye mfuko tumboni, na alikuwa amemwapisha kwamba ukoo wetu usijue, na hasa mimi. Siku ile alikuwa anakwenda kwa daktari wa Nairobi kupangiwa siku ya kuurudisha utumbo mahali pake. Siku ya daktari ilipotea, na nyingine ikapatikana baada ya miezi mingi. Tangu hapo akawa anakwenda Nairobi kwa basi, masaa nane barabarani, bila kula wala kunywa tangu jana yake ili mfuko usijae kabla ya Nakuru. Akoth aliniuliza kama nilikuwa kazini asubuhi ile. Nikamwambia nilikuwa kwenye mizigo.

Ndiyo, nilidanganya. Ningesema nini? Ningesema nimemwona?

Nilijifariji kwamba angalau picha haihifadhiwi. Miezi mitano baadaye walikuja vijana kumi na wawili wapya, na yule yule wa fulana ya pasi akaja kuwafundisha. Niliingia darasani kuwapelekea chai. Ukutani, kwa mwanga wa projekta, kubwa kama mlango wa kanisa, palikuwa na mtu wa rangi ya majivu ameinua mikono, mmoja umenyooka na mmoja umepinda. Kijana alikuwa ameshika fimbo akiwaonyesha kile kimfuko. "Hapa watu wengi wanakosea," alikuwa akisema. "Mnaona hii ni nini?" Mtu mmoja nyuma akasema ni mkoba wa chapati, na darasa likaangua kicheko.

Birika lilinitoka mkononi. Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama kati ya projekta na ukuta, na ile picha ilikuwa juu ya sare yangu, na mwanga ukinichoma macho nisione mtu. Kijana aliniambia, "Madam, unatuzibia."

"Zima," nikasema.

Akasema ni picha ya mafunzo tu, mashine huweka zile zilizotiliwa shaka, na mtu mwenyewe hajulikani.

"Anajulikana," nikasema. "Zima hiyo kitu, ama mimi nitasimama hapa mpaka nistaafu."

Alizima. Sikutaja jina, na hakuna aliyeuliza. Bwana Oluoch aliniita ofisini kunikaripia, na mimi nikaenda moja kwa moja kwenye droo, nikamwaga beji zote juu ya meza yake. Nilimwambia nimehesabu maneno tuliyowaambia watu, na hakuna hata moja lililosimama. Aliishika beji yenye jina lake, kwani hata yake ilikuwamo, akaigeuzageuza kwa muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba naye amesimama pale miaka yote. Wiki ile beji zilikwenda Nairobi. Picha zilifutwa mbele ya macho yangu na ya Opiyo. Na ile karatasi ya nyuma ya mlango ikahamishiwa kwenye nguzo mwanzo wa foleni, kwa herufi ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Foleni haikurefuka. Wengi wanaingia Kabatini bila kujali, na wanaokataa wanakataa.

Kwa miaka miwili sikumwambia Akoth wala mtu mwingine. Kila Krismasi Mwalimu alikuja na familia yake, akakaa karibu na mlango, akaniamkia akitazama chini kama kawaida. Nilikuwa namjibu nikitazama sukari na majani ya chai aliyoniletea. Nilimshukuru Mungu kwamba hajui.

Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja Winyo. Akoth alikuwa amenidokeza kwamba daktari sasa ameweka siku ya upasuaji, na safari hii lazima afike. Nilikuwa nimesimama mbali, karibu na meza ya chai, nikimsubiri atakayepokea nafasi yangu. Niliona viatu vyake. Alisoma karatasi kwenye nguzo, akasema kwa sauti ya mwalimu wa darasani kwamba atakaguliwa kwa mkono. Opiyo akampeleka nyuma ya pazia. Opiyo nilimfundisha mimi, kama nilivyofundishwa na Mama Wangechi, na nilimsikia akisema, "Bwana, sasa napita mgongoni. Sasa tumboni, kwa mgongo wa mkono." Ilichukua dakika mbili. Mwalimu alitoka akifunga mkanda, akachukua begi lake, akaja upande wangu mpaka hatua kama nane hivi, umbali wetu ule ule, akasimama akitazama sakafu.

"Mama," alisema, "leo redio imenyamaza."

Akaenda kupanda ndege.

Nilisimama pale mpaka chai ikapoa mkononi. Wasichana, nilikuwa nimesahau kwamba redio iko mkononi mwa mtu wa langoni, na inasikika. Mimi nilimjua kwa kiwiko kwa sababu sikumtazama usoni. Yeye naye hakuwahi kunitazama, na kwa miaka tisa alinijua kwa sauti. Aliisikia ile asubuhi ikitoka kwenye redio ya langoni, ikitaja tumbo lake, kushoto, chini. Mikono ya Opiyo angeivumilia. Alirudi nyumbani kwa sababu yangu. Na Krismasi mbili alikuja kwangu akijua, akala chakula changu, akaniletea sukari.

Upasuaji ulikwenda vizuri, anapona. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya kupitia kwa Akoth, ambaye ilibidi kwanza nimweleze uongo wangu wa siku ile, naye hakunisemesha kwa wiki nzima. Jibu la Mwalimu lilikuja kwenye simu ya Akoth: Mama aandike, asiweke jina, na awaambie wanaoshika redio waseme kwa sauti ya chini.